Dozi ya Nne

Misawa kwa wenzetu mnaotusikiliza hapa Migori, mkiwa Oruba, Kakrao, Wiga, God Jope na Masara. Salamu ziwafikie walioko Rongo na Awendo, wavuvi wa Muhuru na Karungu, wachimba dhahabu wa Macalder, majirani zetu wa Kuria, na ndugu zetu wa upande wa Homa Bay: Ndhiwa, Mbita, Sindo na mjini kwenyewe. Kama uko jikoni, endelea kusonga ugali, masikio ndiyo ninayoyaomba. Kama uko kwenye boda boda, fika kwanza salama, tutaelewana.

Leo nimekuja na swali moja tu. Ni swali fupi, lakini ukilijibu kwa ukweli huenda likakusumbua hadi jioni. Kile kijitabu cha kliniki cha mtoto wako wa mwisho, kile cha Mama na Mtoto, kiko wapi sasa hivi?

Sijauliza mtoto yuko wapi. Mtoto unamsikia huko nje akifukuza kuku. Nauliza kijitabu.

Mimi niliulizwa swali hilohilo Jumamosi moja, nikakwama. Aliyeniuliza ni mama wa mtaani kwetu, mhamasishaji wa afya ya jamii, hawa ambao wengi wetu tunawaita CHP. Alipiga hodi, akaketi kwenye kigoda kivulini, akaweka begi lake miguuni, akauliza habari za watoto, kisha akataka kijitabu. Nikamwambia, "Dada, ngoja mama yake arudi kutoka sokoni, yeye ndiye anayejua mambo hayo." Akanitazama kidogo, akasema, "Kwani baba, huyu mtoto ni wako ama umeazimwa?"

Basi nikaingia ndani kutafuta. Kabatini hakipo. Juu ya redio hakipo. Mwishowe nikakipata chini ya godoro, kimefungwa ndani ya leso kuukuu, kona zake zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Yule mama akakifungua ukurasa wa chanjo, akapitisha kidole polepole, mstari baada ya mstari. Polio, ipo. Nimonia, ipo. Kuhara, ipo. Surua, ipo. Akafika kwenye malaria. Dozi ya kwanza, tarehe ipo. Ya pili, ipo. Ya tatu, ipo. Ya nne, patupu. Na mtoto mwenyewe alikuwa na miaka miwili na miezi saba.

Akaweka kidole chake pale patupu, akakiacha hapo. "Baba," akasema, "hapa mmeacha kazi njiani."

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni kuhusu pale patupu. Ni kuhusu dozi ya nne.

Tuanze na historia kidogo, maana watu wa hapa tuna haki ya kujivunia jambo hili. Tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria, ile inayoitwa RTS,S. Haikuzinduliwa Nairobi. Ilizinduliwa hapa kwetu, Kaunti ya Homa Bay. Nchi tatu tu za Afrika ndizo zilizopewa kazi ya kuijaribu chanjo hii ndani ya kliniki za kawaida: Malawi, Ghana na Kenya. Na kwa upande wa Kenya zilichaguliwa kaunti nane za ukanda wa ziwa na magharibi, Homa Bay na Migori zikiwemo, kwa sababu huku ndiko mbu anakotunyanyasa zaidi. Hata kabla ya hapo, sehemu ya utafiti wenyewe ilikuwa imefanywa kwa majirani zetu, Kombewa na Siaya. Watoto wa ukanda huu ni miongoni mwa waliotoa mapaja yao ili dunia ipate jibu.

Na jibu likapatikana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika mnamo Oktoba 2021. Baadaye, hesabu za nchi zile tatu zilipojumlishwa, ilionekana kwamba pale chanjo ilipofika, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Sitawachosha kwa takwimu leo, lakini hiyo moja ishike. Fikiria makaburi madogo ambayo hayakuchimbwa.

Sasa, chanjo hiyo ilipangwa itolewe mara nne: mtoto akiwa na miezi 6, miezi 7, miezi 9, na kisha miezi 24. Hebu sikiliza tena: sita, saba, tisa, ishirini na nne. Umesikia lile pengo? Kutoka ya tatu hadi ya nne ni zaidi ya mwaka mzima.

Katika mwaka huo mmoja, nini hakitokei? Mtoto ameacha kunyonya. Ameanza kutembea. Haugui ovyo kama zamani. Pengine mama ana mimba nyingine. Pengine mwezi wa nne umefika, uvuvi wa omena umefungwa hadi mwisho wa mwezi wa saba, na baba ameihamisha familia kutoka ufuoni kwenda kutafuta riziki kwingine. Kijitabu kimebaki kwa nyanya. Nani atakumbuka tarehe iliyoandikwa kwa kalamu mwaka jana?

Ndiyo maana wataalamu wanaofuatilia chanjo hii wanasema jambo lile lile kila mahali: dozi tatu za kwanza watoto wengi wanazipata, kwa ya nne wengi wanapotelea njiani. Wahenga walituambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na mimi leo nasema, kufika kliniki mara ya kwanza si kazi. Kazi ni kurudi.

Nirudie hapo. Kazi ni kurudi.

Tunapozungumza juu ya afya vijijini, kwa kawaida tunapiga kelele kuhusu majengo. Tunataka zahanati, tunataka wodi mpya, tunataka gari la wagonjwa. Ni haki yetu, na kelele hizo ziendelee. Lakini jiulize: zahanati iliyo karibu nawe, wangapi walifika pale mara moja, wakaandikwa jina, na hawakuonekana tena?

Chukua mfano wa malaria yenyewe. Mtoto amepimwa, amekutwa nayo, amepewa dawa ya AL ya siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza anameza. Siku ya pili homa imeshuka, anacheza. Siku ya tatu vidonge vilivyobaki vinawekwa ndani ya kikombe juu ya kabati, "visaidie siku nyingine". Je, nyumbani kwako hakuna kikombe hicho?

Au chukua presha. Mama mzee amepimwa kwenye kambi ya matibabu, akaambiwa presha iko juu, akapewa dawa za mwezi mmoja. Kichwa kikaacha kumuuma. Mwezi ukaisha, dawa zikaisha, na yeye akaona amepona. Presha haiponi kwa namna hiyo, ndugu zangu. Inanyamaza tu, inangoja. Siku ikiamka, mnampeleka hospitali ya rufaa mdomo umepinda.

Sasa kuna mtu atasema: watu wa vijijini ni wazembe, hawafuati maagizo. Hapo mimi nakataa. Tuifuate safari ya mama mmoja, tuseme anatoka Wasimbete, kisha tumhukumu.

Ameamka alfajiri. Amelipa boda boda kwenda, na amebakisha nyingine ya kurudi. Siku hiyo hakwenda sokoni, kwa hiyo biashara imelala. Amefika saa mbili, foleni imeshazunguka jengo. Saa sita zamu yake inafika, muuguzi anamwambia, "Leo hatufungui chupa ya surua, njoo Alhamisi." Hakuna anayemweleza kwa nini. Na sababu ipo: chupa moja ya chanjo ya surua na rubela ina dozi kumi, na ikishafunguliwa inapaswa kutumika ndani ya saa sita, zinazobaki zinamwagwa. Muuguzi anangoja watoto wakusanyike ili dawa isipotee. Lakini mama hajui hayo. Anachojua ni kwamba ametumia nauli bure. Au amefika na kijitabu kimelowa mvua, akakemewa mbele ya watu kama mtoto wa shule. Au amefika akakuta chanjo hakuna kabisa, kama ilivyotokea mwaka 2025, BCG na polio zilipokuwa adimu nchi nzima.

Mwambie huyo mama arudi Alhamisi. Wewe ungerudi?

Basi nadhani tumeelewana. Watu hawarudi kwa sababu safari ya kurudi ni ghali, na mara nyingi hakuna anayewangoja upande wa pili.

Na msidhani nazungumza ndoto. Kurudi kunawezekana, na ushahidi uko hapa hapa kwetu, Ndhiwa.

Wale wa umri wangu mnakumbuka miaka ya tisini. Mnakumbuka Jumamosi za mazishi, matanga matatu katika kijiji kimoja. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Homa Bay mwaka 1996. Mwaka 2001, katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI bila malipo, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa za matajiri. Lakini mwaka 2012 walipopima watu Ndhiwa, nyumba kwa nyumba, walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anaishi na virusi. Mmoja kati ya wanne! Ungesema vita vimeshindwa.

Walirudi kupima tena mwaka 2018. Safari hii walikuta Ndhiwa imefikia lile lengo la Umoja wa Mataifa la tisini mara tatu: walio na virusi wengi mno wanajua hali yao, wanaojua wanatumia dawa, na wanaotumia dawa virusi vimelala. Kaunti ndogo ya wakulima wa miwa na mahindi, yenye barabara za tope, ilifika mahali ambapo nchi nyingi zilikuwa bado hazijafika.

Siri ilikuwa nini? Dawa, ndiyo. Lakini dawa ilihitaji mtu ale kila siku, arudi kila tarehe, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa hiyo watu wakaunda namna za kurudi. Wagonjwa walijipanga vikundi, mwezi huu anakwenda mmoja kuchukua dawa za wenzake, mwezi ujao anakwenda mwingine, nauli inagawanywa. Waliotulia wakaanza kupewa dawa za miezi mitatu kwa pamoja, baadaye hata sita. Na ukikosa tarehe yako, simu inalia: "Mama, tulikungoja jana, kuna nini?" Usipopokea simu, mtu anakuja kwa miguu. Mara nyingi mtu huyo naye anatumia dawa hizo hizo, kwa hiyo anajua la kukuambia.

Kukumbuka kulifanywa kazi. Kazi yenye mtu, yenye daftari, yenye mshahara hata kama ni mdogo.

Hapo pia ndipo penye kidonda. Mshahara huo kwa sehemu kubwa ulitoka Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi ile ilisimamisha misaada yake ya nje, na wengi wa wale waliokuwa wakipiga simu na kutembea nyumba kwa nyumba wakaambiwa wakae nyumbani. Vidonge havikuisha siku hiyo. Aliyeisha ni mtu wa kukukumbusha. Na wasikilizaji, mgonjwa asiyekumbushwa hapotei kwa kishindo. Anapotea kimya kimya, tarehe moja, kisha nyingine.

Kwa hiyo swali la Migori na Homa Bay leo ni hili: nani atatukumbuka sasa?

Jibu langu limekaa pale kwenye kigoda, na begi lake miguuni.

Wazee wetu walikuwa na neno nyamrerwa. Alikuwa mkunga wa kijiji, mama anayejua kila mimba, kila mtoto, kila nyumba yenye shida. Siku hizi watu wengi wanamwita hivyo hivyo mhamasishaji wa afya, na mimi naona wamemwita vizuri. Pale Lwala, Kamagambo Kaskazini, walilielewa jambo hili mapema. Hadithi ya Lwala wengi mnaijua: wanakijiji waliuza ng'ombe na kuku ili kijana wao, Milton Ochieng', apate nauli ya ndege kwenda kusoma Marekani. Naye hakupotelea huko. Yeye na ndugu yake Fred wakarudi na kufungua kliniki kijijini mwaka 2007. Kliniki ile haikungoja wagonjwa mlangoni. Iliwaendea wale wakunga wa jadi, ikawafundisha, ikawalipa, ikawatuma nyumba kwa nyumba kuwafuata wajawazito na watoto wachanga. Mama aliyekuwa akizalisha nyumbani sasa akawa ndiye anayemshika mwenzake mkono hadi wodi ya kujifungulia. Kazi ni ile ile ya kujua nyumba za watu, isipokuwa sasa ina daftari na ina malipo.

Serikali nayo imelikubali wazo hilo. Septemba 2023 wahamasishaji laki moja nchi nzima walikabidhiwa mabegi ya kazi: mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, simu ya kuandikia taarifa. Mwezi uliofuata sheria ya Afya ya Msingi ikatiwa sahihi, na kazi yao ikapata mahali ndani ya sheria. Kila mmoja anahudumia nyumba kama mia moja. Posho yao ni shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi, nusu kutoka kaunti. Elfu tano, wasikilizaji, na mara kwa mara katika kaunti mbalimbali tunasikia wakilalamika kwamba hata hiyo imechelewa. Mtu anayewakumbuka watu wa nyumba mia moja, naye amesahaulika.

Sasa niwaache na maombi. Ninayo manne, kama dozi zenyewe.

La kwanza ni kwa baba wenzangu. Kijitabu cha mtoto si siri ya wanawake. Kijue kilipo. Soma tarehe inayofuata, iandike ukutani kwa makaa ukipenda, iweke kwenye simu unayotazamia mpira. Siku ikifika, toa nauli bila kuombwa mara tatu. Na hakikisha nyumba yako imejisajili katika bima ya afya ya serikali, SHA, kupitia *147#, kwa sababu matibabu ya zahanati na kituo cha afya yanalipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejisajili. Chanjo za mtoto zenyewe ni bure.

La pili ni kwa wauguzi wetu. Tunajua mko wachache na mnachoka. Lakini mkimrudisha mama, mwambieni sababu. Maneno mawili tu: "Chupa ina watoto kumi, njoo Alhamisi, nitakungoja." Mama aliyeelezwa hurudi. Mama aliyekemewa humsimulia na jirani, mkakosa wawili.

La tatu ni kwa kaunti zetu mbili. Kabla hamjakata utepe wa jengo jipya, lipeni posho ya waliokwisha kuanza kazi. Hakikisheni yale mabegi hayabebi mashine zisizo na betri. Wale waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI kwa miaka, ujuzi wao uko mitaani unapotea. Waiteni.

Nirudie kidogo kwa aliyefungua redio sasa hivi. Tumesema chanjo ya malaria ilianzia hapa kwetu, na dozi ya nne ndiyo inayosahaulika. Tumesema watu hawarudi kwa sababu kurudi ni ghali na hakuna anayewangoja. Tumesema Ndhiwa ilionyesha kwamba mtu akikumbukwa, anarudi.

Na la nne, ambalo najua ndilo litakalosahaulika kipindi kikiisha, ni kwako wewe. Usiku huu, kabla hujazima taa, inua godoro. Fungua ile leso. Pitisha kidole mstari baada ya mstari kama alivyofanya yule mama nyumbani kwangu. Ukikuta patupu, usione aibu na usiseme muda umepita. Nenda zahanati, mwonyeshe muuguzi, yeye atakuambia la kufanya. Mimi nilikwenda Jumatatu, nikiwa nimembeba mtoto begani, baba peke yangu kwenye foleni ya akina mama. Walinicheka kidogo. Kisha mmoja akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Tarehe yenu ikifika, rudini.